Mabomba ya Shemeji

Jumamosi, 2 Machi

Wameingia. Mitetea ishirini na sita wa rangi ya kahawia, wa wiki kumi na sita, kila mmoja na macho ya mgonjwa aliyelazwa wodi asiyoijua. Nimewahesabu mara tatu. Ukiwa muuguzi kwa miaka thelathini na moja hupokei kiumbe bila kukihesabu.

Nimewanunua kwa kiinua mgongo changu. Banda kalijenga seremala kwa mchoro niliouchora mwenyewe. Leo nimewawekea chakula kwenye beseni mbili na maji kwenye sufuria. Haikupita nusu saa walikuwa wamesimama ndani ya beseni wanachakura, chakula kimetapakaa hadi ukutani, na mmoja alikuwa anakunya kwenye sufuria huku mwenzake anakunywa upande wa pili. Kwa hiyo, vyombo vya maana vinahitajika, na vyombo nitatafuta.

Mume wangu alikuwa anatazama kutoka dirishani. "Nitamwambia Injinia aje," akasema.

Injinia ni mdogo wake. Hajawahi kuwa injinia hata siku moja. Alikuwa anauza mabomba ya maji.

Jumapili, 3 Machi

Shemeji amekuja. Amelizunguka banda mara mbili mikono mgongoni, kisha wakakaa yeye na Mzee barazani saa nzima wakijadili kuku wangu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, na ndoo mkononi.

Mkwe wangu naye alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, anatazama kuku. Tunaishi naye tangu mwanangu apate kazi mji mwingine, na sasa ana mimba ya miezi sita. Mimba si ugonjwa. Vyombo vya chai vilikuwa bado kwenye karai.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda duka la vyakula vya mifugo na karatasi yangu ya maswali. Muuzaji huvaa koti jeupe, ndiyo maana watu humwita Daktari. Mimi nimefanya kazi na madaktari wa kweli na hakuna aliyekuwa na koti safi kiasi kile.

"Mama, mzee hakuja?"

"Mzee hafugi kuku. Hiki chombo, kuku wangapi wanaweza kula kwa wakati mmoja?"

"Hiki ni cha kisasa, mama."

"Sijauliza umri wake. Nimeuliza wanakula wangapi. Na kinaoshwaje? Mvua ikinyesha upepo ukapiga, chakula kinalowa au hakilowi?"

Akacheka, akamgeukia mteja mwingine, mwanaume aliyekuja kununua kamba. "Wakina mama wanapenda maswali," akamwambia. Yule bwana naye akacheka, kamba yake mkononi.

Nimerudi mikono mitupu. Afadhali beseni.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetoka asubuhi kwenda kupima presha. Leo hii, nyumbani kwangu, walisubiri mpaka nitoke.

Nimerudi nikakuta mabomba mawili meupe ya plastiki, marefu kunizidi, yamefungwa kwa waya kwenye nguzo za banda langu. Juu yana kifuniko, chini yamepinda kama kiwiko. Unamimina chakula juu, kinashuka chenyewe kadiri kuku wanavyokula. Pembeni inaning'inia ndoo ya lita ishirini iliyotobolewa chini na kuwekwa chuchu nne nyekundu. Kuku akidonoa chuchu, tone linatoka. Beseni zangu zimetupwa.

"Kazi yako imekwisha, shemeji," akaniambia anajifuta jasho. "Unajaza mara moja kwa wiki. Wewe sasa ni kulala tu."

Nani alimwambia nina usingizi?

Nikamwonyesha kwamba bomba la pili amelifunga ukingoni kabisa, pale ambapo maji ya paa hudondokea. Akasema maungio yote ameyapaka gundi, tone haliingii. Nikamwambia kuku ni ishirini na sita na midomo ya mabomba ni miwili tu. Akasema watapanga foleni. Mzee akaingilia: "Mwache mtaalamu afanye kazi."

Presha asubuhi ilikuwa nzuri. Ningepimwa tena jioni wangenilaza.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua zimeanza.

Jumanne, 12 Machi

Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Jana nilijaza mabomba yote mawili kwa kupanda juu ya stuli, mwavuli begani, mwanamke wa miaka sitini na mmoja. Huko ndiko kulala alikokusema shemeji.

Mkwe amekaa kizingitini tangu saa mbili mpaka saa nne, anatazama kuku tu, kidevu mkononi. Nilipopita akaanza, "Mama, lile bomba la..." Nikamwambia kama ana muda wa kuongea ana muda wa kufagia. Akainuka akafagia. Hata ubishi hana. Mwanangu aliniambia ameoa mtu mtulivu, hakuniambia ameoa kigoda.

Jumamosi, 16 Machi

Shemeji amekuja kukagua. Ameligonga bomba kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanywa chai vikombe viwili, akaondoka. Kuku hakuwatazama.

Jumatatu, 18 Machi

Mmoja amekufa. Nimemkuta asubuhi kwenye kona, mwepesi kama pochi tupu.

Jumanne, 19 Machi

Wa pili. Na wengine watatu wamesimama wamejikunyata, mabawa yameshuka, wanaharisha majimaji ya kijani.

Nimekimbilia kwa Daktari. Hakuuliza wanakula nini, wanakunywa nini, wameanza lini. Akanipa unga wa dawa: kijiko kimoja kwa ndoo. Na mimi, niliyewahi kumtoa mwanafunzi wodini kwa kosa hilo hilo, nimefika nyumbani nikatia vijiko viwili. Niliwatazama wale watatu nikaona kijiko kimoja ni dharau.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimepiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Nyuma ya banda, chini ya ubao, nimekuta karai la maji. Maji meupe, ya bomba, bila dawa, na kuku tisa wamelizunguka wanakunywa kama wamevuka jangwa. Nikaita. Mkwe akatoka jikoni.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe? Mimi natibu, wewe unanivurugia? Unajua dozi ni nini wewe?"

"Maji ya ndoo hawayanywi, Mama. Wanadonoa mara moja, wanatikisa kichwa, wanaondoka."

"Umesomea wapi uuguzi?"

Nikalimwaga karai mbele yake, nikamwambia katika nyumba hii mgonjwa ana muuguzi mmoja. Akasema, "Samahani, Mama," akaingia ndani, mkono kiunoni kama wanavyotembea wenye mimba wakichoka.

Nyumba nzima inafanya inavyotaka juu ya kuku wangu, na sasa hata huyu!

Alhamisi, 21 Machi

Wawili.

Ijumaa, 22 Machi

Wa tano. Wamebaki ishirini na mmoja.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeitwa sebuleni. Nimeitwa, kwangu, kama mshtakiwa. Mzee kwenye kiti chake, shemeji kwenye kiti changu.

Shemeji ndiye aliyeongea. Kwamba vyombo havina tatizo. Kwamba tatizo ni dawa, mtu amezidisha dawa (amemuuliza Daktari wa dukani dozi, kisha akaupima unga uliobaki). Kwamba kuku si kazi ya mtu aliyestaafu, wanataka nguvu. Kwamba yeye ana mtu wake, mchuuzi wa kuku, atakuja Jumamosi ijayo na matenga kuwachukua waliobaki kabla hawajaisha.

"Mmekwisha amua?" nikauliza.

Mzee akatazama zulia. "Imeshazungumzwa," akasema.

Imeshazungumzwa! Imezungumzwa na nani? Hilo zungumzo lilizaliwa lenyewe, likatembea lenyewe, likaja kukaa sebuleni? Miaka thelathini na nne ya ndoa nimemsikia mume wangu akisema "imeonekana", "imeamuliwa", "imeshazungumzwa", na kila mara aliyeona, aliyeamua na aliyezungumza ni huyu huyu mdogo wake.

Kibaya zaidi, kuhusu dawa amesema kweli nusu. Hilo ndilo linalonichoma. Kusingiziwa ningeweza kupambana nako.

Jumapili, 24 Machi

Niandike kwa utaratibu, kama ripoti ya zamu, nisije nikairusha kalamu.

Asubuhi mvua ilikatika. Nilikwenda bandani peke yangu, nikakaa kwenye stuli, nikawa nawaangalia kuku wasiokuwa wangu tena. Mkwe akaja nyuma yangu. Akasimama mbali kidogo, kama mtu anayepima umbali wa kofi.

"Mama, unaweza kukasirika tena, lakini nitasema. Bomba la pili halishuki."

"Halishuki vipi?"

"Ulilijaza siku ya tatu ya mvua. Mpaka leo hujaliongeza, kwa sababu kila ukifungua kifuniko unaona limejaa. La kwanza umelijaza mara nne."

Ni kweli. Nilikuwa nafurahi kwamba la pili linabana matumizi.

Akaendelea, polepole. Kwenye bomba la kwanza kuna kuku mmoja mkubwa, mwenye kucha nyeusi, anayesimama mdomoni hapo na kumdonoa kichwani kila mnyonge anayesogea. Wanaofukuzwa wanakwenda la pili. Wanakula kilicholala pale mdomoni, kidogo kidogo, kwa shida. Waliofukuzwa sana walikuwa wanane. Akanitajia kila mmoja: aliyepinda kidole, mwenye doa jeupe shingoni, mwembamba, anayechechemea. Watano waliokufa walikuwa wote katika hao wanane. Watatu waliobaki ndio hawa wanaojikunyata sasa.

"Umeyajuaje yote haya?"

"Nimewaangalia, Mama. Kwetu tulikuwa na kuku mia mbili. Marehemu bibi alikuwa hatununulii chombo mpaka tuwaangalie kuku siku tatu."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilianza, Mama. Ukaniambia nifagie."

Nikaingia ndani. Shemeji alikuwa amekuja kwa chakula cha mchana, wamekaa na Mzee wanasubiri sahani. Nikawaambia sahani zitakuja baadaye, watoke nje. Labda sauti niliyotumia ni ile ya wodini, maana walitoka wote wawili bila kuvaa viatu vizuri. Nikachukua koleo la Mzee, nikakata waya, nikalegeza kile kiwiko cha chini cha bomba la pili kwa mikono yangu miwili. Kilikuwa kimebana. Nikakizungusha. Kikatoka.

Hakuna kilichoshuka. Nikalipiga bomba kwa koleo, mara ya kwanza, mara ya pili. Ndipo likadondoka donge moja refu, la kijani na jeusi, lenye manyoya ya ukungu kama panya aliyeoza, likapasuka chini miguuni kwa shemeji. Harufu ilimrudisha nyuma. Ndani yake funza walikuwa wanatembea.

"Gundi," nikamwambia. "Tone haliingii."

"Huo ni unyevunyevu tu, shemeji, wa kawaida. Kipindi cha mvua..."

"Mvua ndiyo niliyokuambia! Nilisimama hapa hapa nikakuonyesha maji ya paa kwa kidole! Kuku wangu watano wamekula sumu wiki nzima, na jana umekaa kwenye kiti changu ukaniambia sina nguvu!"

Mzee akasema, "Tutaongea taratibu."

"Tutaongea sasa. Wewe utaongea. Si 'imezungumzwa'. Wewe."

Akafungua mdomo, akamtazama mdogo wake, akalitazama lile donge, akaufunga. Akaingia ndani. Shemeji aliondoka bila kula.

Mimi nikamfuata mkwe jikoni. Alikuwa anapakua chakula kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamwambia kuhusu karai. Kwamba maji yake meupe ndiyo niliyopaswa kuwaachia kuku, kwa kuwa yangu yalikuwa machungu na yamezidi dozi. Nikamwambia nimekosa. Neno hilo lilitoka kwa shida kama lile donge.

"Basi, Mama," akasema. "Kaa kwanza, umesimama tangu asubuhi."

Nikakaa. Yeye mwenye mimba ndiye aliyenipa kiti.

Jumatatu, 25 Machi

Mzee hajasema neno. Nami sijampa nafasi. Kuku tunawalisha kwa mkono, mafungu matatu, mkwe amewatenga wanyonge kwenye boksi.

Jumanne, 26 Machi

Tumekwenda dukani, mimi na mkwe.

"Wakina mama! Mzee..."

"Hajaja," mkwe akamwambia kwa upole. "Tuletee vyombo vyote ulivyonavyo, tafadhali, uvipange hapa chini."

Nimefanya kazi na madaktari bingwa, sijaona uchunguzi kama ule. Akavua kiatu, akavisukuma kwa mguu kimoja kimoja. Vilivyopinduka akavitenga. "Kuku ana nguvu kuliko mguu wangu," akasema. Chenye pembe kali za ndani akapitisha kidole, akakirudisha: uchafu utajificha humo na sabuni haitafika. Ndoo ya chuchu akaikataa kabisa, si kwa ubaya wake, kwamba vifaranga wakiizoea tangu wadogo ni nzuri, lakini hawa wetu ni wakubwa tayari, na wanyonge hawatajifunza wakiwa na kiu.

Daktari akatoa dumu la maji la lita ishirini, linalojishusha lenyewe kwenye sahani. "Hili ndilo, dada. Unajaza mara moja tu."

"Likijaa, nani atalibeba?" mkwe akauliza. Akamtazama Daktari, akalitazama tumbo lake mwenyewe, akanitazama mimi. "Kuku ishirini na mmoja wanakunywa lita tano na kidogo kwa siku. Tupe madogo mawili ya lita tano. Tutamwaga asubuhi na jioni, tutasugua. Ukijaza mara moja kwa wiki, unawanywesha supu ya juzi."

Kwa chakula tulichukua mihori miwili mirefu ya bati, ambayo kuku wanasimama pande zote mbili, na juu ina fimbo inayozunguka: kuku akitaka kupanda asimame ndani, inamzungusha anaanguka. Nafasi inatosha hata wanyonge wakae mbali na yule mwenye kucha nyeusi. Daktari akajaribu kusema kwamba mtindo huo umepitwa na wakati.

"Sijauliza umri wake," nikamwambia. Safari hii aliyecheka alikuwa mkwe, na kicheko chake ni kikubwa! Sikuwahi kukisikia.

Jumatano, 27 Machi

Mihori ipo katikati ya banda, mbali na ukingo wa paa, imeinuliwa kwa matofali mpaka ukingo wake ukawa sawa na mgongo wa kuku. Maji vivyo hivyo. Mkwe anasema chombo kikiwa chini wanakunyia, kikiwa juu wadogo hawafiki. Yule mwenye kucha nyeusi amekimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine asubuhi nzima, hajui amfukuze nani.

Wagonjwa watatu wamekula.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua kubwa. Chakula kikavu. Nimekwenda kukishika mara tano.

Jumamosi, 30 Machi

Mchuuzi amekuja. Saa tatu asubuhi, na mkokoteni na matenga manne. Hakuna aliyemwambia asije. Shemeji hakumwambia, na Mzee, ambaye namba yake anayo, hakumwambia.

Nilisimama getini. Nilikuwa nimejiandaa tangu Jumapili, nina maneno ya kutosha gazeti zima.

"Mama, Injinia kanituma kuku ishirini na mmoja."

Kabla sijaanza, Mzee akatoka nyuma yangu, miwani ameipandisha kichwani. Nikajua sasa nitasikia "imeonekana".

"Hao kuku si wangu," akamwambia mchuuzi. "Wala si wa mdogo wangu. Mwenyewe ni huyu."

Mchuuzi akanigeukia. "Mama, unauza?"

Mwezi mzima, na mtu wa kwanza kuniuliza ni mgeni mwenye matenga.

"Siuzi."

"Haya, mama. Ukiuza utaniita." Akageuza mkokoteni wake akaenda. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Sekunde ngapi? Kumi?

Mzee akasimama pale anangoja. Nadhani alingoja shukrani.

"Umeridhika?" akauliza.

"Niridhike na nini? Kwamba changu ni changu? Jumamosi iliyopita ulikuwa hujui?"

Akaishusha miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Nilijua," akasema. "Nilitakiwa kusema siku ile ile. Sikusema." Kisha, akitazama kule mkokoteni ulikoelekea: "Huwa nasubiri yeye aseme. Tangu tukiwa wadogo."

Nilifunga geti nikaingia ndani. Lakini niliandika maneno yake kama alivyoyatamka, kwa sababu hayana hata "imeshazungumzwa" moja ndani yake.

Jumatano, 3 Aprili

Mzee ameosha vyombo vya maji. Vibaya. Mkwe amevirudia Mzee akiwa hatazami.

Jumapili, 7 Aprili

Shemeji amekuja. Nilimwona getini nikajua hakuja kuomba radhi. Mtu wa kuomba radhi hatembei kifua mbele. Akakaa. Safari hii alichagua kiti kingine. Akaongea mvua, akaongea barabara, akakohoakohoa juu ya chai yake. Mwisho akafika: mke wake naye ameleta kuku kumi na wawili, na anakataa mabomba. Amekataa katakata. Ametaka vyombo kama vya kwangu.

"Sasa, shemeji, ulivichaguaje?"

"Sikuvichagua mimi. Amevichagua mke wa mtoto wako. Muulize yeye."

Akageuza shingo kuelekea jikoni, akashusha sauti. "Hivi anaitwa nani vile?"

Mwaka na miezi miwili tangu aolewe kwetu! Amekula chakula cha mikono yake kila Jumapili. Alikuwepo kwenye harusi, alitoa hotuba. Nikasimama, nikakusanya kila neno nililolibana tangu tarehe mbili Machi, nikashika ukingo wa meza.

Mkwe akatokea mlangoni, anajikausha mikono. Alikuwa amesikia. Akalitaja jina lake, lake na la baba yake, bila haraka, kama mtu anayejaza fomu.

Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Kuku wako kumi na wawili, Baba Mdogo, umewaangalia siku ngapi?"

Shemeji akasema hajawaangalia.

"Basi nenda kawaangalie siku tatu. Nani anamfukuza nani, nani anakula mwisho. Ukirudi Alhamisi tutaongea vyombo."

Akanitazama mimi, shemeji, kana kwamba nitamwokoa. Nikakaa. Akamtazama Mzee.

"Umesikia," Mzee akasema. "Siku tatu."